Mlango Usioonekana: Historia ya Utando wa Seli

Mchuzi wa kuku ukiepuliwa na kuachwa upoe, mafuta hupanda juu na kujikusanya katika viduara vinavyong'aa. Ukivikoroga vinatawanyika, ukiviacha vinarudiana. Kila mpishi anajua jambo hili na hakuna anayelishangaa. Lakini huko mafuta kukataa maji ndiko kulikoupa uhai mipaka yake. Kila seli ya mwili wa binadamu, ya mwembe, ya samaki na ya bakteria imezungukwa na utando wa mafuta wenye unene wa nanomita 7 au 8 hivi. Ukipanga tando 10,000 za namna hiyo moja juu ya nyingine, zitafikia takriban unene wa karatasi moja ya daftari.

Kiswahili kimeupa utando huo majina mawili. Vitabu vingine huuita utando, neno litokanalo na kutanda, kama mafuta yanavyotanda juu ya maji au mawingu angani. Vingine huuita kiwambo, kutokana na kuwamba, kama ngozi inavyowambwa kwenye ngoma. Wataalamu walioutafuta kwa zaidi ya miaka 300 hawakuwa na maneno hayo. Hata hivyo, njia waliyoipita ilianzia kwenye kutanda ikaja kufika kwenye kuwamba, na sehemu kubwa ya safari hiyo waliifanya wakipima kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona.

Kuta zisizo na wenyeji: 1665 hadi 1877

Mwaka 1665 Robert Hooke, msimamizi wa majaribio wa Royal Society jijini London, alinoa kisu, akakata kipande chembamba cha koki, lile gome linalotengenezewa vizibo vya chupa, akakiweka chini ya hadubini. Aliona vijumba vingi vilivyopangana kama sega la nyuki. Akaviita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya chumba kidogo, na neno hilo ndilo lililotupa "seli".

Koki ni gome lililokufa. Alichokiona Hooke kilikuwa kuta tu. Wenyeji walishaondoka zamani. Kosa si lake, hadubini yake haikuweza zaidi ya hapo. Lakini picha aliyoiacha, ya seli kama chumba chenye kuta nene, iliganda vichwani mwa wataalamu kwa karibu karne mbili. Seli za wanyama hazina kuta kama hizo, na waliozichunguza walibaki wakijiuliza ni nini kinachozuia ute wake usimwagike.

Dalili ya mapema ilitoka kwenye kibofu cha nguruwe. Mwaka 1748 mwanafizikia Mfaransa Jean-Antoine Nollet alijaza chombo pombe kali, akakifunika kwa kibofu hicho na kukizamisha katika maji. Baada ya saa kadhaa kibofu kilikuwa kimetuna na kukaza. Alipokitoboa kwa pini, pombe iliruka juu. Maji yalikuwa yameingia ndani, ilhali pombe haikutoka kwa kasi hiyo. Ngozi ile ilikuwa inachagua.

Mwaka 1855 mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, Carl Nägeli, aliona uchaguzi kama huo ndani ya mmea. Zipo seli za mimea zenye maji ya rangi. Seli ikiwa hai, rangi haitoki. Ikijeruhiwa, rangi inavuja. Ukuta wa nje ni uleule katika hali zote mbili, kwa hiyo kinachozuia rangi si ukuta, ni kitu kingine kilicho ndani yake. Mjerumani Wilhelm Pfeffer alikwenda mbele zaidi. Alitengeneza utando wa bandia ndani ya kuta za chungu cha udongo chenye vinyweleo, akapima nguvu ya maji yanayopenya, na mwaka 1877 akachapisha hitimisho lake: seli hai lazima iwe imezungukwa na utando mwembamba mno, na huo ndio unaoamua kipi kiingie na kipi kibaki nje. Hakuuona. Aliuhesabu.

Beseni la jikoni Braunschweig: 1774 hadi 1917

Kwa upande mwingine kabisa, watu walikuwa wakicheza na mafuta juu ya maji bila kufikiria seli hata kidogo.

Mmarekani Benjamin Franklin, alipokuwa akiishi London, alimwaga kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwenye bwawa la Clapham siku ya upepo. Mafuta yalitanda, mawimbi yakatulia, na eneo la karibu nusu eka likawa laini kama kioo. Alieleza habari hizo katika jarida la Royal Society mwaka 1774 na hakuendelea na hesabu. Laiti angegawanya ujazo wa kijiko kile kwa ukubwa wa eneo lile, angepata unene wa nanomita 2 na ushei. Angekuwa amepima urefu wa molekuli ya mafuta kwa kijiko cha chai.

Aliyekuja kupima kwa makini alikuwa msichana aliyekaa nyumbani. Agnes Pockels alizaliwa mwaka 1862 mjini Venice, ambako baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la Austria. Malaria, iliyokuwa imeenea Italia ya kaskazini siku hizo, ilimvunja baba huyo afya, akaacha jeshi, na familia ikahamia Braunschweig, Ujerumani. Agnes alipenda fizikia tangu shuleni, lakini vyuo vikuu vya Ujerumani havikuwapokea wanawake. Mdogo wake Friedrich ndiye aliyekwenda kusoma. Dada akabaki kupika, kuosha vyombo na kuuguza wazazi.

Maji ya kuoshea vyombo yakawa maabara yake. Aliona kuwa uso wa maji wenye mafuta haufanani na uso wa maji safi, akataka kujua tofauti hiyo ni kiasi gani. Akiwa na umri wa miaka 20 hivi alijitengenezea kifaa: beseni refu la bati, lenye urefu wa sentimita 70 na upana wa sentimita 5, lililojazwa maji mpaka ukingoni. Juu yake alilaza ukanda wa bati kutoka ukingo hadi ukingo. Akiusogeza ukanda upande mmoja, utando wa mafuta unabanwa; akiurudisha, unapata nafasi ya kutanda. Na ili kupima nguvu ya uso wa maji, alining'iniza kifungo cha nguo kwenye mizani ndogo, akakigusisha majini, kisha akapima uzito unaohitajika kukibandua.

Matokeo yalikuwa ya kustaajabisha kwa usahihi wake. Utando ukiwa na nafasi tele, kifungo kilibanduka kama vile maji ni safi. Ulipobanwa hadi kufikia kipimo fulani, nguvu ya maji ilianza kushuka ghafla. Baadaye ilieleweka kwamba kipimo hicho ni pale molekuli za mafuta zinapokuwa zimekaa bega kwa bega katika safu moja, bila pengo na bila moja kupanda juu ya nyingine.

Kwa karibu miaka 10 kazi hiyo haikuwa na pa kuchapishwa. Januari 1891 Agnes alimwandikia Lord Rayleigh, mwanafizikia mashuhuri wa Uingereza aliyekuwa akichunguza suala hilohilo. Rayleigh angeweza kuikalia barua ile au kuyafanya mawazo ya Agnes kuwa yake. Badala yake mke wake aliitafsiri kutoka Kijerumani, naye akaituma kwa jarida la Nature, likaichapa Machi mwaka huohuo kwa jina la mwenyewe. Ni jambo la heshima, na linastahili kutajwa kila historia hii inaposimuliwa.

Irving Langmuir, mkemia wa Marekani, aliliboresha beseni lile na mwaka 1917 akaonyesha kuwa molekuli za mafuta hazilali juu ya maji, zinasimama. Kila moja ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, kwa hiyo vichwa huzama na mikia huelekea juu. Langmuir alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1932. Mwaka huohuo chuo cha ufundi cha Braunschweig kilimpa Agnes, akiwa na miaka 70, shahada ya heshima ya udaktari. Kifaa chao hadi leo hujulikana na wengi kwa jina la Langmuir peke yake, na huko ni kumdhulumu aliyekibuni.

Nywele za mizizi: Zürich, miaka ya 1890

Anayetengeneza kachumbari huanza kwa kunyunyizia chumvi vitunguu alivyokatakata. Dakika chache baadaye bakuli lina maji na vitunguu vimelegea. Chumvi haikupenya ndani ya seli za kitunguu, lakini iliyavuta maji yake nje. Hiyo ndiyo mbinu aliyoitumia Charles Ernest Overton, Mwingereza aliyehamia Uswisi akiwa kijana, alipokuwa akifanya kazi Zürich.

Overton aliweka nywele za mizizi ya mimea katika maji yenye vitu mbalimbali na kuzitazama kwa hadubini. Kitu kisichopenya, kama sukari ya mezani, kiliifanya seli isinyae na kujitenga na ukuta wake. Kitu kinachopenya kwa urahisi hakikuifanya lolote, kwa sababu kiliingia ndani na kusawazisha pande zote. Alijaribu pombe, seli haikusinyaa. Akajaribu kingine, na kingine. Aliendelea hivyo mpaka vitu vikazidi 500.

Orodha ile ndefu ilitoa kanuni moja: kadiri kitu kinavyoyeyuka vizuri katika mafuta, ndivyo kinavyopenya seli haraka. Ikiwa kinachoyeyuka katika mafuta ndicho kinachopita, basi mlango wenyewe ni wa mafuta. Kufikia 1899 Overton alikuwa amependekeza kuwa utando una vitu kama kolesteroli na lesithini, aina ya mafuta iliyo nyingi katika kiini cha yai. Leo tunajua alikuwa karibu sana na ukweli. Kazi hiyo pia ilimfikisha kwenye dawa za usingizi: nazo, aliona, hufanya kazi kwa nguvu zaidi kadiri zinavyopenda mafuta.

Leiden, 1925: makosa mawili yaliyofutana

Evert Gorter alikuwa daktari wa watoto nchini Uholanzi. Pamoja na msaidizi wake François Grendel, aliuliza swali rahisi: mafuta yaliyo katika seli moja yakitandazwa, yatafunika eneo kubwa kiasi gani?

Walichagua seli nyekundu za damu, na uchaguzi huo ulikuwa wa busara. Seli nyekundu ya mamalia ikikomaa haina kiini wala vyumba vya ndani. Mafuta yake karibu yote yamo kwenye utando wa nje. Walichukua damu ya binadamu, mbwa, sungura, kondoo, mbuzi na pimbi wa Guinea, wakatoa mafuta kwa asetoni, wakayatandaza kwenye beseni la maji na kuyabana hadi yakawa safu moja. Kisha wakalinganisha eneo hilo na eneo la nje la seli walizoanza nazo. Mafuta yalitosha kuzifunika mara mbili.

Mara mbili! Basi utando una tabaka mbili. Na hapo ugunduzi wa Langmuir unaeleza sababu. Seli ina maji nje na maji ndani. Molekuli hujipanga safu mbili, mikia ikitazamana katikati mbali na maji, vichwa vikielekea nje upande mmoja na ndani upande wa pili. Hakuna fundi anayezipanga. Yale mafuta yanayojikusanya juu ya mchuzi yanafanya jambo la aina hiyo: yanakwepa maji kwa njia iliyo rahisi kwao.

Wataalamu waliopitia upya kazi hiyo katika miaka ya 1960 waligundua kuwa Gorter na Grendel walikosea mara mbili. Asetoni haikutoa mafuta yote. Nalo eneo la seli walilikadiria kuwa dogo kuliko lilivyo, kwa sababu walizipima zikiwa zimekauka. Kosa moja lilipunguza namba ya juu, la pili likapunguza namba ya chini, na jibu likatoka sahihi. Bahati ilikuwapo, ni kweli. Lakini bahati isingewasaidia kama wasingekuwa wameuliza swali linalofaa, tena kwenye seli inayofaa.

Siagi katikati ya mkate: 1935 hadi 1972

Tabaka mbili za mafuta hazikutosha kueleza kila kitu. Glukosi, aina nyingine ya sukari, haipendi mafuta, lakini huingia kwenye seli. Chumvi kadhalika. Mwaka 1935 James Danielli na Hugh Davson walipendekeza kwamba mafuta yamefunikwa na protini pande zote mbili, kama siagi iliyopakwa katikati ya vipande viwili vya mkate. Picha hiyo ilitawala vitabu kwa zaidi ya miaka 30.

Katika miaka ya 1950 hadubini ya elektroni hatimaye iliuonyesha utando. J. David Robertson alipiga picha za seli za aina nyingi na kila mahali akakuta mistari miwili myeusi yenye mwanga katikati, kama reli. Ilionekana kuwa mkate na siagi vimethibitishwa, na Robertson alitangaza kuwa tando zote za uhai zimejengwa kwa mpango huo mmoja. Picha ilikuwa ya kweli. Maelezo yake ndiyo yaliyokuwa na kasoro, kwa kuwa yaliufanya utando uonekane kitu kilichotulia kama sakafu ya saruji.

Jaribio lililoivunja dhana hiyo ni miongoni mwa yale mazuri kuliko yote katika biolojia, na lilifanywa Baltimore, Marekani. Mwaka 1970 Larry Frye na Michael Edidin walichukua seli ya panya na seli ya binadamu, wakaziunganisha kwa msaada wa kirusi kuwa seli moja. Protini za panya walizitia alama ya rangi ya kijani, za binadamu nyekundu. Mwanzoni seli ile ilikuwa kijani nusu na nyekundu nusu. Baada ya dakika 40 katika joto la mwili, nyuzi 37, rangi zilikuwa zimechanganyika kila mahali. Protini zilikuwa zimeogelea. Joto lilipopunguzwa vya kutosha, mchanganyiko ulikwama.

Msomaji aliyewahi kubeba chupa ya mafuta ya nazi kutoka pwani kwenda Njombe wakati wa baridi anaelewa. Pwani yanamiminika, huko nyanda za juu yanaganda hadi yachotwe kwa kijiko. Utando nao lazima ubaki katika hali ya kumiminika, na kolesteroli, ambayo watu wengi huijua kama adui wa moyo tu, ni mojawapo ya vitu vinavyousaidia usilegee mno wala usigande.

Februari 1972 S. Jonathan Singer na Garth Nicolson walichapisha picha mpya katika jarida la Science. Mafuta ni ziwa. Protini hazikupakwa juu yake. Zinaelea ndani yake kama magogo, nyingine zikiwa zimezama kutoka uso mmoja hadi wa pili. Picha hiyo imeboreshwa tangu hapo, kwani sasa inajulikana kuwa ziwa hilo limesongamana kuliko walivyodhani na kwamba tabaka la ndani na la nje hazifanani kwa mafuta yake, lakini msingi wake umesimama. Kuanzia hapo swali likawa: magogo hayo yanafanya kazi gani?

Wabeba mizigo wa mlangoni: 1957 hadi 1992

Jibu la kwanza lilikuwa limeshatoka kwa kaa. Jens Christian Skou, daktari wa Denmark aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Aarhus, alisaga neva za miguu ya kaa wa pwani na kutafuta protini inayochoma nishati pale tu inapokuta sodiamu na potasiamu. Aliipata na kuitangaza mwaka 1957. Ni pampu. Kila mzunguko wake hutoa chembe 3 za sodiamu nje na kuingiza 2 za potasiamu ndani, usiku na mchana. Bila tofauti hiyo ya chumvi kati ya ndani na nje, neva haipitishi ujumbe na moyo haupigi. Skou alisubiri miaka 40 kupata Nobel. Alipewa mwaka 1997.

Agosti 1960, katika mkutano mjini Prague, Mmarekani Robert Crane alieleza aina nyingine ya mlango. Katika ukuta wa utumbo kuna protini inayopokea sukari ya glukosi, lakini haikubali kuipitisha peke yake. Glukosi lazima ije pamoja na sodiamu. Wawili hao wakiingia, maji hufuata nyuma yao.

Jambo hili lilionekana dogo, la wataalamu wa mkutanoni. Kumbe lilibeba uhai wa mamilioni ya watoto. Sumu ya kipindupindu huifanya seli ya utumbo ifungue milango ya chumvi kuelekea nje. Maji hufuata, na mgonjwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Lakini sumu hiyo haiugusi ule mlango wa glukosi na sodiamu. Kwa hiyo mgonjwa huyohuyo anayemwaga maji bado anaweza kuyapokea, mradi apewe chumvi na sukari kwa pamoja. Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash walionyesha hivyo kwa wagonjwa wa Dhaka.

Miaka mitatu baadaye dunia iliona. Vita vya ukombozi vya Bangladesh mwaka 1971 viliwakimbiza mamilioni ya watu kuingia India, na kipindupindu kikawafuata kambini. Hospitalini Bangaon daktari Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wamelazwa hadi sakafuni, na maji ya dripu yakielekea kwisha. Timu yake ikachanganya gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya mezani na gramu 2.5 za magadi ya kuokea kwa kila lita ya maji, ikawapa ndugu wa wagonjwa vikombe wawanyweshe. Vifo vya wagonjwa wa kipindupindu, vilivyokuwa vimefikia karibu asilimia 30, vilishuka hadi asilimia 3.6 kwa waliotibiwa hivyo. Pakiti ya ORS inayotolewa kwenye zahanati za Tanzania na Kenya leo, yenye chumvi na glukosi za kuchanganywa na maji safi, ni mtoto wa uvumbuzi huo. Anayemwambia mama kuwa ile ni "sukari na chumvi tu" hajui kazi iliyofanywa hadi ikajulikana kwa nini lazima viwe viwili.

Mlango wa maji yenyewe ulichelewa kupatikana. Figo za mtu mzima huchuja takribani lita 180 kwa siku na kurudisha karibu zote, zikibakiza lita moja na nusu hivi ya mkojo. Kasi hiyo haiwezekani kwa maji kupenya mafuta taratibu. Peter Agre, daktari wa Baltimore, hakuwa akiutafuta mlango huo. Alikuwa akisafisha protini za kundi la damu la Rh, na kila mara protini nyingine ndogo ilijitokeza bila kualikwa. Ilikuwapo kwa wingi ajabu, nakala kama 200,000 kwenye kila seli nyekundu, na hakuna aliyejua kazi yake. Rafiki yake John Parker ndiye aliyemdokezea kuwa huenda ni njia ya maji.

Timu ya Agre iliyapa mayai ya chura wa Afrika maelekezo ya kutengeneza protini hiyo, kisha ikayatia kwenye maji yasiyo na chumvi. Mayai ya kawaida yalitulia. Yale yenye protini yalivimba na kupasuka kama bisi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1992, na mwaka 2003 Agre akashiriki Nobel na Roderick MacKinnon, aliyeonyesha kwa umbo kamili jinsi mlango wa potasiamu unavyoikatalia sodiamu, ingawa sodiamu ni ndogo zaidi. Agre baadaye aliacha maji na kugeukia malaria, akifanya kazi na watafiti wa Zambia na Zimbabwe.

Kilifi, 2020

Kimelea cha malaria ni mgeni anayejua milango. Katika miaka ya 1970 Louis Miller na wenzake huko Marekani walionyesha kuwa kimelea aina ya vivax huingia kwenye seli nyekundu kwa kushika alama iitwayo Duffy juu ya utando. Watu wengi wenye asili ya Afrika Magharibi na ya Kati hawana alama hiyo kwenye seli zao nyekundu, na vivax huwapata kwa nadra. Falsiparamu, kimelea kinachoua watoto wengi zaidi Afrika, kina funguo nyingi, hivyo kuondoa mlango mmoja hakukizuii.

Hata hivyo, kwenye pwani ya Kenya kulikuwa na jambo lisiloeleweka. Baadhi ya watu wana kundi la damu liitwalo Dantu, lililo adimu duniani, na mwaka 2017 uchunguzi wa jeni ulionyesha kuwa linapunguza hatari ya malaria kali kwa karibu asilimia 40. Mwaka 2020 Silvester Kariuki wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, na wenzake wa Uingereza walieleza sababu. Walichukua damu ya watoto 42 wenye afya kutoka Kilifi, wengine wakiwa na Dantu kutoka kwa wazazi wote wawili, wengine kutoka kwa mmoja, wengine hawana kabisa. Kisha wakavipiga picha za video vimelea vikijaribu kuingia kwenye seli hizo.

Kuingia huchukua chini ya dakika moja. Kimelea hugusa seli, hujigeuza, na utando hukunjika kukifunika kama kitambaa. Kwenye seli za Dantu vimelea vilishika utando kama kawaida, lakini vingi havikuingia. Utando ulikuwa umewambwa kwa nguvu zaidi na haukukunjika. Watafiti walipopima mkazo huo walikuta kiwango ambacho, kikipitwa, falsiparamu haiingii. Na hata kwa watoto wasio na Dantu, zile seli chache zenye mkazo mkubwa ziliponyoka.

Tofauti ya mkazo inayohitajika ni ndogo. Ndiyo maana watafiti hao walipendekeza kutafuta dawa itakayoukaza kidogo utando wa seli nyekundu badala ya kukishambulia kimelea chenyewe, ambacho huzoea dawa moja baada ya nyingine. Dawa hiyo bado haijapatikana.